Sufuria Haina Waya

Bwenini, kiwanda cha mbao
3 Machi

Dada yangu,

Natumaini hujambo, na cherehani pia haijambo. Mimi mzima. Kazi ipo, chakula kipo, mvua inapiga bati la bweni mpaka mtu hasikii anachofikiri.

Nina jambo moja tu. Viuze vyombo vilivyo chumba cha nyuma. Vyote. Usichague, usibakize, usiniwekee hata kimoja cha kumbukumbu. Na nyaya usizisahau, zimo kwenye ile ndoo ya bluu isiyo na mkono, nyuma ya mlango. Fedha utakayopata itengenezee paa, ikibaki itumie utakavyo.

Usiniulize kwa nini. Mtu wa miaka thelathini na sita akiamua jambo lake, ameamua. Mimi sasa ni mtu wa mbao, na mbao hazina haja na mambo ya ujana. Nikirudi mwezi wa nane nataka nikute chumba cheupe, nipate mahali pa kulaza mbavu kama binadamu wengine.

Usinijibu kwa maneno mengi. Nijibu tu kwamba umeuza.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani
28 Machi

Kitinda,

Nimeuza.

Ulitaka nijibu hivyo, nimejibu hivyo. Sasa vumilia usome na yale usiyoyataka, maana aliyevitoa vitu vile mpaka barabarani ni mimi, si wewe.

Nilizunguka wiki nzima kutafuta wanunuzi. Ngoma zako zimechukuliwa na shule ya msingi. Mwalimu wao aliigonga ile kubwa kwa kidole, akatega sikio, akasema inatosha, kama mtu anayenunua tikiti maji. Kinanda amekichukua kinyozi wa njia panda. Hajui kupiga, anasema atakiweka dirishani wateja wapate cha kutazama wakingoja zamu. Spika zote mbili, amplifaya, maikrofoni na ndoo yako ya nyaya, amechukua Fundi Redio. Na gitaa.

Gitaa nilimpelekea mwenyewe kwa miguu, likiwa ndani ya koti lake, lile nililolishona kwa kitambaa cha godoro mwaka ule ulioshinda ukinibembeleza kama mtoto anayetaka sukari. Unakumbuka nililiwekea mfuko wa nyuzi pembeni na kitanzi cha penseli. Fundi akafungua zipu, akaangalia, akafunga tena. Akaniuliza, "Mwenyewe anajua?" Nikamwambia mwenyewe ndiye aliyeamuru. Akasema, "Haya," akageuka kumhudumia mtu aliyetaka betri.

Nimerudi nikakaa chumba cha nyuma. Ukutani pamebaki umbo lake, rangi pale ni mpya kuliko kwingine. Upande wa pili yamebaki makasha ya sahani za Mama, yamepangwa kama alivyoyaacha. Nikamsikia kabisa akiniuliza mkwe wake yuko wapi. Si ndivyo alivyoliita? Kila ukichelewa mezani: "Kitinda, mkwe wangu ameshakula?" Maana alikwisha kukata tamaa kwamba utamletea mkwe mwingine. Na wewe unacheka, umelikumbatia, chakula kinapoa.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani hasa, lakini wewe ndiye uliye karibu, hata ukiwa mbali. Mtu haamki siku moja akauza miaka kumi na saba ya maisha yake kwa barua fupi namna ile. Ila umesema nisiulize, basi siulizi.

Fundi wa paa anaanza Jumatatu.

Dada yako


Bwenini
17 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Umeuza nini?

Nilikuambia uuze vyombo. Sahani, Dada. Masufuria, vikombe, mabirika, na vile vijiko vilivyofungwa kwa raba kumi kumi. Mali ya Mama ya kukodisha, ambayo tangu tumzike hakuna aliyekuja kukodi hata kijiko kimoja, na bado imejaa chumba mpaka mtu anaingia kwa ubavu. Hivyo ndivyo nilivyotaka viondoke. Nani alikutuma uguse gitaa langu?

Nani katika nyumba yetu hajui Kiswahili? Mtu akikuambia osha vyombo, unakwenda kukisugua kinanda? Ukiambiwa kusanya vyombo mezani, unakusanya ngoma? Umeshona nguo za watu miaka yote hiyo, mtu akikuagiza mikono mirefu hushoni mifupi. Ila langu mimi ndilo likakupotea.

Ngoja nikuambie ninavyoona. Hukupotea. Wewe ulivichukia vitu vile tangu siku ya kwanza vinaingia pale ndani. Mara amplifaya inavuta umeme, cherehani inapungua nguvu. Mara ngoma zinaangusha pini. Mara wenzangu wa bendi wanakanyaga vitambaa vya wateja. Ukapata upenyo ukaupita mbio, ukasingizia barua.

Gitaa lile nililinunua kwa misimu miwili ya kubeba matofali. Chini ya tundu lake kuna mkwaruzo mrefu, uliotokana na kifungo cha shati ulilonishonea wewe kwa onyesho letu la kwanza. Nilitaka kukitoa kile kifungo, nikaona aibu kukuambia, nikaacha kikwaruze. Leo umekwenda kuliweka kando ya betri za tochi. Umemuuza mkwe wa Mama.

Nenda kwa Fundi Redio, nenda leo hii. Mwambie palitokea makosa, na makosa ni yako. Hao wengine hata nikiwakosa, nimewakosa. Gitaa nalitaka.

Kitinda


Nyumbani
5 Mei

Kitinda,

Barua yako imenikuta nampima mteja, nikaisoma huku nambana kiuno, nikamchoma pini. Akasema hakuna neno. Nikamwambia neno lipo, ila si lako.

Sasa kwa kuwa umegeuka mwalimu wa Kiswahili, tukae tusome wote. Mama yetu mtaa mzima ulimwita nani? Mama Sahani. Nitajie mtu mmoja, hata mlevi, aliyewahi kumwita Mama Vyombo. Katika nyumba yetu kila kitu chake kiliitwa sahani, hata sufuria, hata birika. "Nenda kaniletee ile sahani kubwa ya kuchemshia maji." Nilichekwa shuleni kwa ajili hiyo. Na kwa nini ikawa hivyo? Kwa sababu hilo neno lingine mlikwisha kulipora wewe na wenzako. "Dada, usipite na maji karibu na vyombo." "Dada, mtoto wa jirani asishike vyombo." "Leo tunafunga vyombo mapema." Mpaka Mama akasema, nyumba yangu peke yake ndiyo yenye vyombo visivyopakuliwa chakula. Ulicheka sana siku ile. Leo umesahau.

Hilo moja. La pili, barua yako ya Machi nimeitoa kwenye kopo la vifungo, iko hapa mbele yangu, nimeiwekea mkasi juu isipeperuke. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: "Na nyaya usizisahau, zimo kwenye ile ndoo ya bluu."

Kitinda, sufuria haina waya. Nionyeshe sahani moja tu ya Mama inayochomekwa ukutani, nami nitakuja huko kwa miguu kukuomba radhi mbele ya wapasua mbao wenzako.

Kwa hiyo umenidanganya. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako haikufika hata mlangoni. Ulimaanisha gitaa, ukajuta, sasa unatafuta kichwa cha kutwisha majuto yako, na kichwa cha kutwishwa katika nyumba hii kinajulikana. Mama alipolala kitandani miezi saba, nani alimgeuza? Siku anafariki mimi nilikuwa na bakuli la maji mkononi, wewe ulikuwa na vyombo. Hayo tuyaache.

Swali langu ni moja, na nitauliza hata kama umenikataza. Umepatwa na nini huko?

Kwa Fundi Redio siendi kusema uongo wako. Mwandikie mwenyewe. Una mikono miwili.

Dada yako


Bwenini
19 Mei

Kwa Fundi Redio,

Shikamoo Fundi. Natumaini duka linakwenda na mbwa wako bado anawabwekea wateja wasiolipa.

Najua dada yangu alikuletea vyombo vyangu mwezi wa tatu. Anasema alizunguka wiki nzima ndipo akafika kwako. Simlaumu, au tuseme namlaumu lakini hayo ni ya kwetu. Ninachokuomba ni gitaa. Kama bado lipo, usilitoe. Nitakulipa ulichotoa na juu yake, hata kwa kukatwa mshahara kidogo kidogo. Wewe ndiye uliyenifundisha kulifunga nyuzi, hakuna dole langu lililochubuka usilolijua.

Na kuna jambo jingine. Hivi nyuzi za gitaa kama lile zinaweza kugeuzwa? Ile nene ije upande wa chini na nyembamba iende juu, na kile kipande cha mfupa kinachozibeba kule kichwani kibadilishwe kifuate. Nauliza tu. Kuna mtu huku anataka kujua.

Hili la nyuzi libaki kati yetu. Dada asilisikie, ana mambo yake mengi.

Mimi mwanao,
Kitinda


Dukani
2 Juni

Kwa mdogo mtu bwenini, na kwa dada mtu nyumbani,

Barua hii ni moja. Nimetia karatasi ya kaboni katikati, kwa hiyo mmoja wenu atapata wino na mwingine atapata moshi. Msije mkagombana na juu ya hilo. Nimefanya hivi kwa sababu nimechoka. Dada mtu anapita dukani mara tatu kwa wiki kuulizia uzi, na mimi uzi siuzi, macho yote yako ukutani kwenye gitaa. Mdogo mtu ananiandikia mambo, kisha anasema yabaki kati yetu. Mimi natengeneza redio. Kazi yangu ni kutoa sauti nje.

Naanza na dada mtu. Mdogo wako anasema ulizunguka wiki nzima. Ulikuja kwangu siku ile ile barua ilipofika, bahasha imechanwa ovyo, uzi wa kushonea bado unaning'inia begani. Nilipokuuliza kama mwenyewe anajua, ulinionyesha mstari mmoja wa barua, mingine umeifunika kwa kidole gumba. Nikasema haya. Lakini nimenunua vitu vya watu miaka thelathini, namjua anayeuza kwa dhiki na namjua anayeuza kwa hasira. Wewe hukuwa na dhiki.

Nakuja kwa mdogo mtu. Nyuzi zinageuzwa, ni kazi ya asubuhi moja. Lakini hiyo ni kazi ya mtu wa mkono wa kushoto, na hakuna mtu huko anayetaka kujua ila wewe. Nimekuona miaka kumi na saba ukipiga, ukila, ukimrushia mawe mbwa wangu. Wewe ni wa kulia. Mpiga gitaa wa kulia hageuzi nyuzi mpaka mkono wake wa kushoto uwe umekataa kazi. Sikuulizi umekataaje. Mficha uchi hazai, nawe umemficha dada uliyebaki naye peke yake.

Spika na amplifaya zimekwishaondoka, msiniulize. Gitaa liko ukutani nyuma ya kichwa changu, na nimemwahidi mpiga muziki wa hotelini, atakuja kulichukua tarehe thelathini. Ahadi yangu haivunjwi kwa fedha. Mke wangu, ambaye ndiye huvunja ahadi zangu, anasema angelitoa hata leo kwa mtu atakayemletea zile sahani zenye mstari wa bluu, maana Mama Sahani alimnyima hata kuzikodi enzi za uhai wake, na hajasahau. Hayo ni yake.

Majuto ni mjukuu, nami wajukuu ninao wa kutosha nyumbani. Wenu msiniletee dukani.

Fundi Redio


Nyumbani
2 Juni

Kitinda,

Mkono umefanya nini? Jibu leo. Usiniandikie habari za mvua.

Dada yako


Bwenini
12 Juni

Dada,

Vidole viwili vya kushoto, cha shahada na cha kati. Vimekatika vyote kabisa. Sasa umejua. Umefurahi?

Ilikuwa tarehe 22 Februari, saa nne asubuhi, kwenye msumeno wa duara. Ubao ulikuwa na fundo ndani ambalo halikuonekana. Msumeno ukalikuta fundo, ubao ukaruka, mkono ukaufuata. Hakuna cha kusimulia zaidi. Jamaa aliyekuwa kando yangu alizima mtambo, akaiokota glavu yangu chini, akachungulia ndani yake, akaifunika kwa kofia. Kofia ile hakuivaa tena. Zahanati ya kiwanda wakashona, wakanipa siku kumi za kulala, kisha nikahamishiwa kuhesabu mbao getini. Nahesabu mbao, Dada. Hata mjinga anaweza kuhesabu mbao.

Siku ya tisa nikakuandikia. Mkono wa kuandikia ni mzima, kwa hiyo mwandiko ukawa ule ule, nawe ukadhani mtu mzima ndiye anayeandika. Nilimaanisha vyombo vyangu. Nilikuwa nimelala na bandeji kubwa kama kichwa cha mtoto, nikaliwaza lile gitaa liko ukutani linanisubiri, nikalichukia kama ninavyoweza kumchukia mtu. Nilitaka lifukuzwe kabla sijafika, nisije nikaingia chumbani likaniangalia.

Na nilitaka uulize. Nilikukataza kuuliza nikijua huwezi. Wewe maisha yako yote hujawahi kushindwa kuuliza, unauliza hata bei ya kitu usichonunua. Nilingoja barua yako ije na maswali yake kumi na matusi yake, nikujibu, niseme. Ukatii. Umenitii mara moja tu tangu nizaliwe, na ukachagua siku hiyo.

Mwezi wa nne jamaa wa kitanda cha juu alikuja na gitaa bovu. Nikaligeuza kichwa chini. Mkono wa kulia ukabonyeza, wa kushoto ukakwangua kwa gumba na kidole cha pete. Lililia kama mbuzi anayevutwa sokoni, lakini lililia, na mimi nikacheka peke yangu mpaka jamaa akanipokonya. Hiyo ilikuwa tarehe 16. Tarehe 17 ikafika barua yako: Nimeuza. Ndiyo maana nilikutukana. Hadithi ya sahani niliitunga papo hapo kalamu ikiwa inakimbia, hata hizo nyaya sikuzikumbuka. Sikuweza kukuandikia kwamba nimejiuzia mwenyewe. Ilikuwa rahisi zaidi kuandika kwamba umeniuzia.

Nimekukosea, na nimesema. Sasa nawe sema. Siku ile ile, Dada? Hukulala na jambo lile hata usiku mmoja? Ungeniandikia mstari mmoja tu, "Kitinda, una akili timamu?", leo lingekuwa ukutani. Wewe hukuipokea ile barua. Wewe ulikuwa unaingoja. Niambie uliingoja tangu lini.

Kitinda


Nyumbani
27 Juni

Kitinda,

Vidole viwili, na mimi nayajua haya mwezi wa sita, kwa karatasi ya kaboni, kutoka kwa mwuza betri. Mimi niliyekubeba mgongoni. Mimi niliyekukata hizo kucha, ukinipiga mateke, mpaka ulipoanza shule. Siku niliyoipata barua yako nilivunja sindano tatu kwenye sketi moja, mwenye sketi akaichukua akaondoka nayo nusu. Hapa ninapoandika sijakusamehe kunificha.

Umeuliza nilingoja tangu lini. Tangu siku Mama anakata roho.

Nilimtuma jirani aende akuite harusini mlikokuwa mkipiga, mchana kweupe, mitaa mitatu tu kutoka nyumbani. Akarudi peke yake. Nikamwuliza yuko wapi, akaangalia chini, akasema umesema wimbo mmoja tu. Mama aliuliza, "Kitinda anakuja?" Nikamwambia anakuja, yuko njiani. Ulipoingia na shati lako limelowa jasho nilikuwa nimeshamfumba macho. Sikukuambia. Tuliomboleza, tukazika, tukagawana kazi, na miaka miwili kila nilipopita mlango wa chumba cha nyuma nilivisikia vyombo vyako vikiniambia, wimbo mmoja tu.

Barua yako ilipofika niliisoma mara moja. Sikuisoma ya pili, kwa sababu niliona kuna kitu hakiko sawa mle ndani, na niliogopa nikikiangalia vizuri kitanizuia. Ndiyo, nilikiona. Mtu anayesema ni mzima kabla hajaulizwa si mzima, hata mtoto anajua. Nikaifunika kwa kidole gumba, nikaenda. Fundi ana macho. Nilipotoka dukani nilijisikia mwepesi, nikanunua na soda. Nilipofika nyumbani nikaliona lile umbo ukutani, soda ikanishinda. Nimejuta tangu jioni ile, na majuto yangu nimeyapeleka dukani kwa Fundi mara tatu kwa wiki nikisingizia uzi.

Sasa sikiliza vizuri. Nimeuza vyombo.

Safari hii ni vile ulivyovisema mwezi wa nne. Sahani zenye mstari wa bluu, masufuria, vikombe, mabirika, na vijiko na raba zake. Mke wa Fundi alikuja juzi na mkokoteni, amejipamba kama bibi harusi. Alizikagua moja moja mlangoni pangu, kana kwamba Mama angemlaghai kutoka kaburini. Nililia mbele yake na sikujificha. Wewe hukuzipenda sahani zile, kwako zilikuwa kitu kinachobana mlango. Mimi nimezikausha kwa mikono hii tangu nina miaka sita, na ile sauti yake zikipangwa, moja juu ya mwenzake, Mama akihesabu kwa midomo, hiyo ndiyo iliyokuwa muziki wangu, ingawa hakuna aliyewahi kuniuliza. Chumba sasa ni cheupe kama ulivyoagiza. Ukisema kitu kinarudi sauti yako mwenyewe.

Kwa hiyo uongo wako sasa ni kweli. Uliniambia niuze sahani, nimeziuza. Usije ukaniambia tena kwamba ulikuwa unatunga.

Ngoma hazirudi. Spika hazirudi. Kinanda kiko dirishani kwa kinyozi na kuna paka anakilalia, nimemuona. Aliyerudi ni mkwe peke yake. Yuko hapa mezani kando ya cherehani, nyuzi zimegeuzwa, na Fundi ametia mfupa mpya kichwani akakataa kusema bei. Mkwaruzo wa kifungo upo pale pale. Ungeniambia siku ile kifungo kinakwaruza, ningekibadilisha, ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Mfuko wa pembeni wa koti lake nimeubandua nikaushona upya, mkubwa zaidi, na zipu nimeiwekea kishikio kirefu cha ngozi. Nilikaa nikakunja vidole vyangu viwili nikajaribu kuifungua ile ya zamani kwa mkono wa kushoto. Ilinishinda.

Nimebakiza sahani mbili. Yenye ufa ni yako.

Usingoje mwezi wa nane, mbao zitahesabiwa na mwingine. Na ukifika usije ukasimama mlangoni ukaanza kuniomba radhi, nitakutupia mkasi. Ingia, kaa, lichukue hilo gitaa, unipigie ule wimbo mmoja tu, mwanzo mpaka mwisho, kwa vidole ulivyo navyo. Ukitoka vibaya, utoke vibaya. Miaka miwili sijui ulikuwa wimbo gani. Nataka niusikie, nijue ulikuwa na nini.

Dada yako